Tuliyapima majani Lodwar, daftari liko wapi?

Mwezi uliopita nilikuwa Lodwar. Safari yenyewe ilikuwa ya kifamilia: binamu yangu ana duka huko na alikuwa anamwoza bintiye, nasi wa Mombasa tukapanda basi hadi Kitale, kisha tukateremka na ile barabara ndefu ya jangwani. Siku ya pili baada ya harusi nilitembea hadi ukingo wa mto Turkwel, alasiri, jua likiwa limepoa kidogo. Chini ya mgunga mkubwa alikuwa ameketi mzee mmoja juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho mzee wa Kiturkana hatoki nyumbani bila nacho. Aliniangalia kwa muda, kisha akaniambia kwa Kiswahili: "Wewe ndiye uliyekuwa ukiandika. Mlikuja mkachuma majani ya miti yangu. Majibu yako wapi?"

Sikuwa na la kumjibu.

Aliposema "miti yangu" hakuwa anajisifu. Kando ya Turkwel kuna utaratibu wa zamani uitwao ekwar: familia huwa na haki ya miti iliyo katika kipande fulani cha ukingo wa mto, na kiangazi kikikaza, majani na maganda ya mbegu ya miti hiyo ndiyo riziki ya mbuzi wao. Mgeni akitaka tawi, huomba. Sisi tuliomba na mzee akatupa. Basi alikuwa na haki ya kujua kilichotokana na majani yake.

Nieleze nilivyoingia. Mimi ni mtu wa stashahada, si mtu wa udaktari. Miaka kadhaa nyuma kikundi cha watafiti kilinichukua kwa miezi miwili niwe karani wao, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka na Kiswahili changu kiliwafaa kwa wenyeji. Kikundi sikitaji, na baadhi ya makosa nitakayoyasema yalitoka katika mkono wangu mwenyewe.

Kazi ilikuwa ya kupima sifa za mimea. Hili kwa mtu wa pwani si geni ingawa jina lake ni geni. Fundi wa jahazi hachagui mti kwa jina tu. Hutazama huu umepinda vizuri kwa taruma, ule ni mwepesi, huu hauliwi upesi na wadudu wa majini. Wataalamu wa ikolojia nao hufanya hivyo. Badala ya kuhesabu tu kwamba hapa pana aina 30 za mimea, huuliza kila mmea unafanya nini: jani lake ni pana au jembamba, jepesi au zito, mti wake ni mzito kiasi gani, mizizi inafika wapi, mbegu inasafirishwa na nani. Kwa sifa hizo hutaka kujua msitu utakuwaje mvua ikipungua, au mbuzi wakizidi, au bwawa likijengwa huko juu ya mto kama lilivyojengwa Turkwel.

Ni elimu nzuri. Taabu yake ni kwamba neno dogo kama "jani" lina shimo ndani yake. Jani la mwembe ni jani, kila mtu analiona. Jani la mgunga, ambao Waturkana huuita ewoi, limegawanyika katika vijijani vidogo sana vilivyopangwa kwenye vijiti viwili viwili. Je, jani ni kile kijani kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, au ni kitu kizima na vijiti vyake? Wiki ya kwanza tulipima vijijani. Wiki ya tatu akaja msimamizi mwingine, tukapima kitu kizima. Katika safu ya daftari mimi niliandika "jani" mara zote mbili. Anayezisoma namba zile leo atadhani mgunga wa Turkwel ulipanua majani yake kwa wiki mbili.

Tena kuna joto la Lodwar. Mwongozo wa kupima sifa za mimea ambao watafiti wa dunia wanautumia, uliotoka 2003 na kuandikwa upya 2013, unataka jani lihifadhiwe kwenye karatasi yenye unyevu, ndani ya mfuko uliofungwa, mahali pa baridi na giza. Lipimwe upana likiwa bichi kabisa, kisha likaushwe kwenye tanuri kwa nyuzi 70 kwa saa zisizopungua 72, ndipo lipimwe uzito. Sisi mifuko ilikaa garini kuanzia asubuhi. Ilipofika saa tisa alasiri majani yalikuwa yamejikunja kama mchicha uliosahauliwa sokoni. Tuliyanyoosha kwa vidole, tukayapima, nikaandika. Sikuandika kwamba yalikuwa yamenyauka, kwa sababu daftari halikuwa na safu ya kuandika hivyo.

Majina nayo niliyaandika kwa sikio la Mombasa. Edome ni mti mmoja na esekon ni mwingine. Huu wa pili nilipoupiga jino nikaujua papo hapo, kumbe ni ule ule mswaki wetu tunaouuza nje ya misikiti. Lakini mingine mitatu au minne niliiandika nilivyosikia, na hakuna aliyechukua tawi lenye ua na tunda, akalibanika kwenye karatasi na kulipeleka Nairobi kwenye hifadhi ya mimea mikavu ya Makumbusho ya Taifa, ambako mtu mwingine angeweza kulitoa kabatini na kusema: naam, ni huu, au la, mlikosea.

Mwisho wa miezi miwili kiongozi alichukua daftari. Akaondoka nalo.

Haya hayakutupata sisi peke yetu. Mwaka 2016 jarida la Nature liliwauliza wanasayansi 1,576 wa fani mbalimbali, na zaidi ya asilimia 70 walisema waliwahi kujaribu kurudia jaribio la mwenzao wakashindwa. Katika ikolojia, watafiti walizipitia makala 346 zilizochapishwa kati ya 2015 na 2019, wakakuta ni asilimia 27 tu zilizotoa zile amri za kompyuta zilizotumika kupiga hesabu. Kikundi kingine kikafanya jambo la werevu zaidi: kikawapa wachambuzi, timu 174 kwa jumla, seti mbili za data, kila seti na swali lake, hata timu nyingi zikajibu swali lile lile kwa data ile ile. Majibu yakatawanyika, mengine yakipingana kabisa. Ni kama kupeleka risiti zile zile kwa wahasibu kumi, mmoja aseme umepata faida na mwingine aseme umefilisika. Huwezi kujua nani kakosea kama hakuna aliyekuonyesha alivyojumlisha.

Sisi tuliopitia chuoni tulifundishwa kwamba habari haipokewi bila sanad: nani kasikia kwa nani, na huyo naye kwa nani. Namba ya jani nayo ina sanad yake. Jani limetoka mti gani, mti uko wapi, siku gani, msimu gani, nani alilishika, kwa mizani ipi, nani aliiingiza kwenye kompyuta na alibadilisha nini. Kiungo kimoja kikikatika, iliyobaki ni namba ya kusikia. Na namba hizi husafiri mbali. Kuna hazina kubwa ya sifa za mimea iitwayo TRY, iliyoanzishwa 2007 na kutunzwa Jena, Ujerumani, yenye rekodi zaidi ya milioni 11 kutoka kila pembe ya dunia, ingawa nchi kavu za Afrika zimo kwa uchache. Pale palipo na uchache, namba moja mbovu ina nguvu nyingi. Ikiwa mgunga wa Turkana una vipimo vichache tu, na nusu ni vya majani yaliyonyauka, mtafiti aliye ng'ambo atachora ramani ya ukame wetu kwa majani yale.

Msomaji atauliza, hayo yanamhusu nini mvuvi wa Kipini au mkulima wa Garsen? Jibu linaitwa mathenge.

Mathenge tunaupachika kwa watu wa bara, lakini kumbukumbu zinaonyesha kwamba mbegu zake za kwanza zinazojulikana kuingia Kenya zililetwa hapa kwetu, Baobab Farm ya Bamburi, mwaka 1973, kutoka Brazil na Hawaii, ili kufunika machimbo ya mawe ya saruji. Baadaye, hasa miaka ya 1980, ukapandwa Baringo, Tana River na Turkana kwa nia njema kabisa. Ulichaguliwa kwa sifa. Unakua haraka, unastahimili ukame na chumvi, mizizi yake inafika mbali, maganda yake ni chakula cha mifugo, kuni zake zina moto. Kila sifa kati ya hizo ni ya kweli. Nimeyaona makaa yake Kakuma, nitakuja huko.

Kilichokosekana ni kurudia kipimo mahali mti ulipopelekwa. Sifa haikai ndani ya mti peke yake, hukaa kati ya mti na pahali. Mzizi unaofika mbali kwenye machimbo makavu ya Bamburi ni neema. Kwenye ukingo wa Turkwel, ambako maji hayako mbali chini ya mchanga, mzizi ule ule unashindana na ewoi wa mzee yule. Ganda tamu linaloliwa na mbuzi ni chakula, na pia ni gari la mbegu, maana mbegu hupita tumboni salama na kuota kila mbuzi anapokwenda kunywa. Huko Marigat, Baringo, wakaazi waliishtaki serikali, na mbuzi aliyepoteza meno akafikishwa kortini kama ushahidi. Mwaka 2008 serikali ikautangaza mathenge kuwa magugu hatari, mti ule ule uliosambazwa kama msaada.

Hata jina lake halikutulia. Kwa miaka mingi kila mathenge Kenya uliandikwa Prosopis juliflora, na Turkana kwenyewe rekodi nyingine zikasema ni Prosopis chilensis. Ndugu wanaofanana, lakini sifa zao si moja. Kisha mwaka 2022 wataalamu wakalivunja kundi lote la Prosopis kwa ushahidi wa vinasaba, na mathenge ukapewa jina jipya, Neltuma juliflora. Mgunga nao ulishatoka Acacia tortilis ukawa Vachellia tortilis. Kubadilisha jina si kosa, elimu inakwenda mbele. Ila mwanafunzi anayetafuta leo kwa jina jipya hataona kazi ya zamani, na anayetafuta kwa jina la zamani atachanganya miti miwili, isipokuwa kuna tawi kavu kabatini la kuthibitisha. Sisi hatukuacha tawi.

Siku ya nne nikapanda lori la mizigo ya binamu hadi Kakuma, kama kilomita 120. Kambi ile ilifunguliwa 1992 na sasa, pamoja na Kalobeyei, inahesabiwa kuwa na watu karibu 300,000. Watu wengi hivyo wanapika kila siku, katika nchi yenye miti michache. Nilikunywa chai kwa mama mmoja Mkongo, Kiswahili chake cha Bukavu na changu cha Mji wa Kale tukisalimiana kama ndugu wa mbali. Nilimuuliza anapendelea makaa gani. Akacheka. "Baba, ewoi inakaa na moto, mathenge nayo inakaa. Hii ingine unanunua asubuhi, saa sita imekwisha, umeuza chai bure." Kwa lugha ya wataalamu, mama alinipa mpangilio wa uzito wa mbao za aina tatu. Tena kipimo chake amekirudia kila siku, kwa pesa yake mwenyewe.

Uzito wa mbao ndio mahali sifa za mimea zinapogusa fedha. Anayetaka kujua mti umehifadhi kaboni kiasi gani hakati mti. Hupima unene na urefu, akazidisha kwa uzito wa mbao wa aina ile, na uzito huo mara nyingi hautoki kwenye mti aliousimamia, hutoka kwenye jedwali. Jedwali likizidisha kwa sehemu moja ya kumi, kaboni nayo inazidi kwa karibu kiasi hicho hicho. Likipunguza, jamii inapunjwa. Na sheria ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 inataka miradi ya kaboni ya ardhini iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya gharama. Asilimia 40 ya nini? Ya namba. Na ahadi ya miti bilioni 15 ifikapo 2032 nayo itataka mtu aamue mti gani upandwe Lodwar na upi upandwe Lamu. Ataamua kwa jedwali lipi?

Turkana walishaonja namba kubwa isiyorudiwa. Septemba 2013 serikali na UNESCO walitangaza kwamba chini ya bonde la Lotikipi, kaskazini ya Kakuma, kuna maji zaidi ya mita za ujazo bilioni 200. Picha za setilaiti na visima vichache ndivyo vilivyotoa habari hiyo, na dunia nzima ikashangilia. Visima vya baadaye vikatoa maji ya chumvi nyingi, yasiyonyweka. Kipimo cha pili kilifanyika, hilo ni jema. Ila kilifika baada ya shangwe, na watu wa Kakuma bado wananiuliza yale maji yalikwenda wapi.

Si kwamba haiwezekani kufanya vizuri. Huko huko Turkana kusini, miaka ya 1980 na 1990, watafiti walikaa muda mrefu na Wangisonyoka, na mwaka 1995 Robin Reid na James Ellis wakachapisha kazi inayoonyesha kwamba mgunga huchipua zaidi kwenye maboma yaliyohamwa, kwa kuwa mifugo hula maganda na kuacha mbegu kwenye samadi. Wafugaji waliokuwa wakilaumiwa kwa kumaliza miti wakaonekana ndio wanaoipanda. Kazi ile ina mahali na njia, na mtu anaweza kwenda leo na kuuliza tena.

Na kwetu, Gazi. Mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013 juu ya hekta 117 za mikoko una vipande vya kudumu vya kupimia. Watu hurudi kwenye miti ile ile. Kuna kanuni pia ya wapi pa kuzungusha utepe: mti wa kawaida hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, lakini mkoko wenye mizizi ya magongo hupimwa juu ya mzizi wa mwisho, la sivyo utapima mizizi na kuiita shina. Jambo dogo. Lakini kijana wa Gazi anaweza kumwambia mgeni kwamba hapo unapima vibaya, na mgeni akasikiliza, kwa sababu kanuni imeandikwa na vipimo vya mwaka jana vipo kijijini.

Lodwar ina chuo kikuu kishiriki chake, na kaunti ina ofisi zake. Sioni kwa nini mtafiti anayechuma jani Turkwel asiache mambo matatu kabla ya kupanda ndege: tawi kavu moja Lodwar na jingine Nairobi, nakala ya daftari lenyewe na si muhtasari wake, na maelezo ya kila hatua ya hesabu. Kibali cha utafiti kutoka NACOSTI hutaka ripoti irudishwe, lakini ripoti ni pilau iliyokwishapakuliwa. Mimi nataka kuona mchele ulivyopimwa. Wapo watafiti wanaoogopa kuibiwa kazi kabla hawajachapisha. Woga huo una haki yake, wapewe mwaka mmoja au miwili. Na wapo wazee wasiotaka mahali pa dawa zao pajulikane na kila mtu. Hapo ramani ifichwe, namba zibaki. Lakini sikubali hoja kwamba mwenyeji hataelewa. Mzee yule alielewa vizuri sana. Alichokosa ni daftari.

Jioni ile nilimpigia simu mke wangu Mombasa, nikamwomba afungue kasha langu la makaratasi. Alhamdulillahi, kulikuwa na kijitabu changu cha mfukoni, kurasa sita nilizokuwa nikiandika haraka kabla ya kunakili kwenye daftari kubwa. Akanipigia picha na kunitumia. Asubuhi ya kuondoka nikarudi kwa mzee na simu mkononi. Kurasa zinataja miti mitatu yake. Wa kwanza niliuandika "mgunga, karibu na njia ya mbuzi." Nikamsomea. Mzee alicheka hadi fimbo ikamwanguka. "Mswahili, hapa njia ya mbuzi ni ipi ambayo si njia ya mbuzi?"

Wa pili aliujua yeye kwa kovu la tawi tulilokata. Wa tatu haupo tena. Mahali pake pamejaa mathenge hata mtu hapiti. Kwa utepe wa kupimia vitambaa niliouchukua dukani kwa binamu, nilizungusha shina la ule wa pili mita 1.3 kutoka ardhini, sentimita 94. Hatukuwahi kulipima shina wakati ule, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha nacho. Nimeandika tarehe, msimu, jina la mti kwa Kiturkana kama mzee alivyolitamka mara tatu mpaka nikalipata, na mahali ulipo kwa namba za simu yangu. Nakala moja iko dukani kwa binamu, kwenye droo ya risiti. Yule aliyekuwa kiongozi wetu nimemwandikia barua pepe mbili kuhusu daftari kubwa. Hajajibu bado, na mzee amechukua namba yangu.